Jengo likishatangazwa urithi, mwenye jengo ni nani? Uzi maalumu kuhusu sheria za kulinda majengo ya kale

#1 Kuta Zina Masikio

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mmoja wa viwanja kulizuka ubishi. Mmoja alisema jengo la kihistoria ni mali ya serikali, ukishaambiwa nyumba yako ni urithi hesabu umeporwa. Mwingine akamjibu kwamba hapana, ndani unafanya utakavyo mradi usiguse sura ya mbele. Wote wawili wamekosea, na ni makosa ninayoyasikia kila wiki, nikaona nifungue uzi wake tuongee kwa kituo. Nimekaa na mafaili ya majengo ya namna hii miaka mingi, upande wa michoro na vibali. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Tuanze na umiliki. Sehemu kubwa ya dunia, jengo kuingia kwenye orodha ya urithi hakugusi hati. Nyumba inabaki yako: unaikalia, unaipangisha, unaiuza, unairithisha. Kinachobadilika ni zamu. Mwenye nyumba ya kawaida hufanya kwanza, akibanwa ndipo anauliza. Mwenye jengo lililoorodheshwa anauliza kwanza. Orodha yenyewe haisemi "hapana". Inasema "subiri tuangalie".

Chukueni England, maana mfumo wao umeigwa na wengi. Orodha yao ina majina zaidi ya 370,000, yamegawanywa Daraja la I, Daraja la II lenye nyota, na Daraja la II. Mtu akisikia daraja la pili anadhani ni la kuchezea. Kumbe karibu asilimia 92 ya orodha nzima ni hilo hilo, na kubomoa au kubadilisha bila kibali ni jinai kwa madaraja yote matatu: hadi miaka 2 jela na faini isiyo na kikomo. Ulinzi unashika nje na ndani. Ngazi, milango, mapambo ya dari, hata kibanda cha uani kama kilijengwa kabla ya Julai 1948 na ni sehemu ya eneo la nyumba. Kwa hiyo yule ndugu wa "ndani fanya utakavyo" akinunua nyumba kule atapokea barua mapema sana.

Na kuna mwiba wanunuzi wengi hawauoni. Amri ya kurekebisha kazi iliyofanywa bila kibali haina muda wa kuisha, na inamfuata mwenye jengo wa leo. Aliyeng'oa ngazi alishauza, alishahama, pengine alishafariki. Anayeagizwa kuirudisha ni wewe.

Kipande kijacho nitaeleza wazo hili lilitoka wapi, kwa sababu bila hapo sheria inaonekana kama uchawi wa makarani.

#2 Bwana Tingatinga

Mkuu umeandika vizuri ila tusidanganyane. Nina kiwanja katikati ya mji, juu yake kuna jengo la ghorofa mbili linavuja, na pale ningeweza kusimamisha ghorofa ishirini. Ukiniambia "subiri tuangalie" umeshanichukulia ghorofa kumi na nane. Huko ni kunyang'anywa kwa lugha ya adabu. Nani ananilipa?

#3 Kuta Zina Masikio

Tingatinga, hoja yako ni ya zamani kuliko sisi sote humu. Ndiyo iliyochelewesha sheria ya kwanza ya Uingereza ya kulinda mambo ya kale. Mbunge John Lubbock alianza kupeleka muswada bungeni miaka ya 1870, na kila mara wabunge walimrudisha kwa neno moja: mali binafsi. Ulipopita mwaka 1882 ulikuwa umekatwa mbawa. Ulitaja maeneo 68 tu, Stonehenge likiwemo, mengi yakiwa mawe na makaburi ya kabla ya historia. Nyumba zinazokaliwa na watu hazikuguswa kabisa, na mwenye ardhi hakulazimishwa chochote, alikuwa anajitolea mwenyewe kuikabidhi serikali uangalizi.

Ufaransa walikuwa wametangulia kwa njia nyingine. Tangu 1830 walikuwa na mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, na kuanzia 1834 kazi hiyo akaishika Prosper Mérimée, akizunguka nchi nzima kuandika kilichobaki na kinachoanguka. Yaani walianza na mtu mwenye daftari, sheria yenye meno ikaja baadaye, 1887 na hasa ile ya Desemba 1913. Mimi napenda mpangilio huo. Huwezi kulinda usichokijua.

Kilichowasukuma Waingereza kuorodhesha nyumba za kawaida ni mabomu ya Vita vya Pili. Wasanifu majengo walitumwa kuandaa orodha za majengo yaliyostahili kunusuriwa yakipigwa, ili kikosi cha kusafisha vifusi kijue ukuta upi usukumwe na upi uegemezwe. Vita vilipokwisha, sheria za mipango miji za 1944 na 1947 zikalichukua wazo hilo likawa la kudumu. Kila nikikumbuka hili naona orodha ilizaliwa kama karatasi ya zimamoto.

Sasa ghorofa zako kumi na nane. Kesi yako ilishafika Mahakama Kuu ya Marekani, na aliyekuwa na hoja kama yako alishindwa.

New York walikuwa na kituo cha treni cha Pennsylvania, kilichofunguliwa 1910, kumbi zake kubwa kama za Warumi. Oktoba 1963 kilianza kuvunjwa, na hapakuwa na sheria ya kuzuia. Watu walikuwa wameshaandamana barabarani, nyundo zikagonga vilevile. Aprili 1965 jiji likapitisha sheria ya kulinda majengo yake, na 1967 kituo kingine, Grand Central, kikatangazwa. Kampuni iliyokimiliki ikataka kujenga juu yake mnara wa zaidi ya ghorofa hamsini. Jiji likakataa. Kampuni ikaenda mahakamani ikidai imenyang'anywa anga lake bila fidia. Mwaka 1978, majaji sita kwa watatu wakasema hapana: kituo bado mnakitumia kwa kazi ile ile mliyokijengea, na bado mnaweza kupata faida ya haki kutokana nacho. Tena ile haki ya kujenga juu ambayo haikutumika mliruhusiwa kuihamishia kwenye viwanja vyenu vya jirani.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo jibu lako, mkuu. Ghorofa kumi na nane hazikupotea, zilihamishwa. Mji ukitaka kulinda bila kumfilisi mtu, huo ni mlango mmojawapo.

#4 Karani wa Mahakama

Niongeze kidogo kwa mleta uzi, kwa ruhusa yake. Wasomaji wasitoke hapa wakidhani kila mahali jibu ni "hakuna fidia". Ufaransa jengo linaweza kuingia ngazi mbili. Ya juu ni *classé*, ambapo kila kazi inataka idhini. Ya chini ni *inscrit*, masharti yake mepesi zaidi. Mwenye jengo akikataa ile ya juu, serikali inaweza kumlazimisha kwa amri, lakini hapo sheria inampa haki ya kudai fidia kama anathibitisha hasara ya moja kwa moja na ya hakika. England kuorodheshwa tu hakukupi senti. Marekani ndiyo hiyo kesi, na mahakama hutazama mali nzima kwa pamoja. Huwezi kulikata anga peke yake ukasema limechukuliwa lote.

Kingine kinachochanganya watu: rejista ya taifa ya Marekani, iliyotokana na sheria ya 1966, haimzuii mwenye jengo binafsi anayetumia pesa zake kubomoa. Inaibana serikali kuu na miradi inayoshika pesa au vibali vyake. Anayezuia kweli ni sheria ya mji. Kwa hiyo ukisikia jengo "limesajiliwa", swali la kwanza ni limesajiliwa na nani.

#5 Mrithi wa Nne

Wakuu naomba msaada, mimi ni mhanga.

Nyumba ya bibi mzaa baba tumerithi wanne: mimi, kaka zangu wawili na shangazi. Iko kwenye orodha. Mlango wa kuchonga, ngazi ya mbao, dari la boriti. Choo kiko uani, usiku mvua ikinyesha ni safari. Shangazi ana umri, magoti hayamruhusu. Tulikwenda ofisi inayohusika, afisa akatuambia kwa mdomo "msiguse chochote", basi. Tukaandika barua, miaka miwili hakuna jibu. Sasa paa linavuja juu ya ile ile ngazi wanayotaka tuilinde. Kaka mkubwa anasema tuuze. Mimi sitaki, lakini sina hoja ya kumpa.

Je, kweli haturuhusiwi kuweka hata choo?

#6 Kuta Zina Masikio

Pole sana, ndugu. Na pole ya shangazi zaidi.

"Msiguse chochote" si sheria ya nchi yoyote ninayoijua. Ni jibu la afisa aliyechoka. Fanyeni hivi. Tafuteni maandishi yaliyoliingiza jengo kwenye orodha. Kila jengo lililotangazwa lina karatasi mahali: tangazo la serikali, faili, maelezo ya jengo, wakati mwingine na picha. Ombeni nakala kwa maandishi, mkae na muhuri wa kupokelewa. Someni kinachotajwa na kisichotajwa. Mahali pengine kutotajwa si ruhusa (England ni hivyo), lakini maelezo yanawaonyesha walichokithamini, na hapo ndipo mazungumzo yenu yaanzie.

Halafu mtenganishe vitu viwili ambavyo nyinyi mmevichanganya na yule afisa kavichanganya: matengenezo na mabadiliko. Kigae kimepasuka, unaweka kigae cha aina ile ile mahali pale pale. Hayo ni matengenezo, na mifumo mingi haidai kibali, au inadai taarifa tu. Choo kipya ni mabadiliko, hicho kinaombewa. Kuomba kunafanikiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa mkionyesha mabomba yanapita wapi bila kutoboa boriti, na kwamba siku moja kinaweza kuondolewa bila jengo kubaki na kovu. Neno wanalolipenda ni hilo la kurudishika. Litumieni.

Paa msilisubirishe. Anayeua nyumba ni maji, na maji hayasomi barua.

Kuna mkataba wa wataalamu wa 1964, uliandikiwa Venice, ambao ndio msingi wa sheria nyingi za leo. Unasema wazi kwamba jengo hulindika vizuri likiwa na matumizi yenye manufaa kwa watu. Nyumba isiyo na choo cha ndani itahamwa, na iliyohamwa itaanguka. Mwambieni afisa hilo kwa upole.

#7 Mwashi Mstaafu

Wanangu, mimi sheria siijui, najua ukuta. Huyo Mrithi nimsemeshe kabla hajaita fundi wa haraka haraka.

Usimruhusu mtu apige saruji kwenye kuta za bibi yako. Kuta za zamani hazina tabaka la kuzuia unyevu chini. Maji yanapanda kutoka ardhini, yakishapanda yanatokea kwenye viungo vya chokaa na kwenye lipu ya chokaa, jua linayakausha, kesho tena. Ukuta unapumua. Ukishaukandika saruji umeufunga mdomo. Maji hayatarudi chini, yatatafuta njia ndani ya jiwe. Yana chumvi. Chumvi inaganda ndani ya jiwe, inavimba, uso wa jiwe unabanduka kama magamba. Nimeona kuta ambazo jiwe limeisha lote limekuwa unga, saruji imebaki imesimama peke yake kama wavu.

Kiungo kinatakiwa kiwe laini kuliko jiwe. Kiungo ndicho cha kufa kwanza. Kubadili kiungo ni kazi ya siku, kubadili jiwe ni msiba.

Na chokaa ina adabu zake. Haikauki kama saruji, inashika kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole, kwa hiyo unaifunika magunia mabichi usiachie jua liifukuze maji. Fundi akikwambia atamaliza wiki hii, mshukuru, muage.

Vibali vyenu vinazungumza madirisha na milango. Mie majengo niliyoyaona yakifa mengi hayakufa kwa kukosa kibali. Yalikarabatiwa kwa saruji na mtu mwenye kibali mkononi.

#8 Kuta Zina Masikio

Mzee, hapo umetugusa watu wa vibali na sina utetezi. Fomu nyingi nilizopitisha zilikuwa na neno "kukarabati lipu" bila kuuliza lipu ya nini. Miaka ya mwanzo sikujua kama lilikuwa swali.

#9 Bwana Tingatinga

Haya, nimekubali kuhusu anga kuhamishwa, ingawa miji mingi haina hiyo kitu. Lakini nawapa siri ya mtaani: mwenye akili anabomoa KABLA jengo halijaorodheshwa. Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa. Jumatatu mnakuta kifusi, faini hakuna kwa sababu sheria ilikuwa haijamfikia. Hapo mtafanya nini?

#10 Kuta Zina Masikio

Siri yako ina mfano mashuhuri. Magharibi mwa London palikuwa na kiwanda cha matairi cha Firestone, cha 1928, sura yake nyeupe yenye nguzo na vigae vya rangi. Agosti 1980 serikali ilikuwa inaandaa karatasi za kukilinda. Ikaingia wikiendi ndefu ya sikukuu, na mashine zikaingia nayo. Watu waliporudi kazini sehemu yenye thamani ilikuwa chini. Mwenye mali hakuvunja sheria yoyote.

Ila tazama kilichofuata. Hasira za watu zilifanya majengo mengi ya kipindi kile, ambayo hadi hapo yalidharauliwa kuwa ya juzi juzi, yaorodheshwe haraka. Hata tukio la kituo cha Pennsylvania lilikuwa hivyo hivyo. Nimefika mahali pa kuamini, kwa uchungu, kwamba karibu kila sheria nzuri ya urithi imesimama juu ya kifusi cha jengo moja lililokosa sheria hiyo.

Na si kila Ijumaa jioni inalipa. Aprili 2015, London hiyo hiyo, baa ya miaka ya 1920 iitwayo Carlton Tavern ilibomolewa ghafla, siku chache kabla ya uamuzi wa kuiorodhesha. Kwa kuwa haikuwa imeorodheshwa bado, jinai ile ya orodha haikuwepo. Lakini mwenye mali hakuwa na kibali cha mipango miji cha kubomoa. Halmashauri ikamwamuru aijenge upya kama ilivyokuwa, tofali kwa tofali, na wataalamu walikuwa wameshaipiga picha na kuandika kumbukumbu zake kwa kina kwa kuwa walinusa jambo. Ilifunguliwa tena 2021. Nadhani amri ile moja imefundisha watu wako wa Ijumaa kuliko faini zote.

Kisheria pengo hilo huzibwa kwa njia kadhaa. England halmashauri inaweza kutoa zuio la dharura ambalo kwa miezi 6 linalifanya jengo lihesabiwe kama limeshaorodheshwa, huku uchunguzi ukiendelea. Na kwa haki ya upande wako, Tingatinga, kuna kinyume chake: mtu anaweza kuomba hati ya kuhakikishiwa kwamba jengo halitaorodheshwa kwa miaka 5, apange mradi wake kwa amani. Karibu hakuna mtu anayeijua hati hiyo mpaka achelewe.

Njia ninayoipenda mimi ni ya Afrika Kusini. Sheria yao ya 1999 haingoji orodha. Jengo lolote lililopita miaka 60, huwezi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali cha mamlaka ya urithi. Umri wenyewe ndio unaobisha hodi. Mengi yanapewa kibali, ni kweli, na makarani wanalemewa na mafaili ya mabanda yasiyo na maana. Lakini Ijumaa jioni inakuwa haina faida tena. India wana umri pia, miaka 100 kwa jengo la kale la taifa, na tangu 2010 wana duara la mita 100 kuzunguka jengo lililolindwa ambamo ujenzi mpya umekatazwa, halafu mita 200 nyingine zenye masharti. Ufaransa duara lao la mita 500 ni la tangu 1943. Hayo maduara yana kelele zake: mtu anazuiwa kujenga chumba kwa sababu ya jengo la kale asiloliona hata akipanda juu ya bati.

#11 Msomi wa Jioni

Nimeweka kambi hapa tangu asubuhi. Swali la mwanafunzi: UNESCO je? Jengo likiwa Urithi wa Dunia si ndiyo limepona kabisa?

#12 Karani wa Mahakama

Hapana, msomi. Mkataba wa 1972 ni kati ya nchi na nchi. UNESCO haina polisi wala tingatinga la kuzuia tingatinga. Adhabu yao kubwa ni kukufuta kwenye orodha yao. Bonde la Elbe la Dresden, Ujerumani, liliingia 2004, wenyeji wakajenga daraja walilolitaka, likafutwa 2009. Bandari ya kale ya Liverpool iliingia 2004 hiyo hiyo, ikafutwa 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya ufukoni. Miji yote miwili ipo, maisha yanaendelea.

Na heshima hiyo haishikilii dari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, kasri la 1883, jengo maarufu kuliko yote pale, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Kibandiko cha dunia kilikuwepo ukutani muda wote.

#13 Kuta Zina Masikio

Karani kanipeleka pale nilipotaka kumalizia, yaani kwenye ugonjwa ambao sheria inauweza kidogo kuliko yote: kuliacha jengo life lenyewe.

Mwenye mali hahitaji Ijumaa jioni. Anahitaji kigae kimoja kilichotoka na subira. Mwaka wa kwanza doa darini, mwaka wa tatu boriti imeoza mwisho wake pale inapoingia ukutani, mwaka wa saba mhandisi anaandika kwa nia njema kabisa kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia. Hapo kibali cha kubomoa kinatoka chenyewe, na mwenye mali anaonekana mwenye huruma kwa umma. Sheria imefuatwa mwanzo hadi mwisho.

England wana dawa kwenye karatasi. Halmashauri inaweza kutoa notisi ya siku 7 kisha ikaingia yenyewe kufanya kazi za dharura, kuziba paa, kuegemeza ukuta, halafu ikamdai mwenye mali. Inaweza kutoa notisi ya kumtaka atengeneze, na asipoitekeleza ndani ya miezi 2 ikaanza mchakato wa kulichukua jengo kwa nguvu. Ikithibitika aliliacha makusudi ili apate kubomoa, fidia yake inapigwa hesabu ya chini kabisa. Meno yapo. Lakini halmashauri ikilichukua jengo lazima iwe na pesa ya kulifanyia kitu, na mara nyingi haina, kwa hiyo notisi inabaki kwenye droo.

Upande wa pesa nchi nyingi zinajipinga zenyewe. Uingereza, kujenga nyumba mpya ya kuishi kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri. Kutengeneza nyumba ya kale ni asilimia 20. Hata unafuu uliokuwepo kwa mabadiliko yenye kibali kwenye majengo ya orodha uliondolewa Oktoba 2012. Mkono wa kushoto unatangaza urithi, wa kulia unatoza aliyeukubali. Marekani walichagua kinyume: anayekarabati jengo la kihistoria la biashara kwa viwango vinavyokubalika anapunguziwa kodi ya serikali kuu kiasi cha asilimia 20 ya gharama zinazostahili. Ukitaka kujua kama nchi inajali majengo yake, mimi ningeanzia sheria ya kodi.

Wajapani nao wana jambo la kuwaiga. Januari 1949 moto uliunguza michoro ya ukutani katika ukumbi wa hekalu la Horyu-ji, miongoni mwa majengo ya mbao ya kale kuliko yote duniani. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria kali. Lakini 1996 waliongeza ngazi nyepesi: jengo la zaidi ya miaka 50 linasajiliwa, mwenyewe anatoa taarifa tu kabla ya kubadilisha sura yake, na anapata nafuu. Haimtishi mtu. Ofisi inapata muda wa kwenda kuongea naye kabla nyundo haijainuliwa, na mazungumzo ya mlangoni yanaokoa mengi ambayo barua ya onyo isingeokoa.

#14 Bwana Tingatinga

Hiyo ya Wajapani ningeisaini leo. Mtu akija mlangoni kwangu akaongea nami kama mtu, nitamsikiliza. Tatizo langu ni muhuri unaokuja bila mtu.

#15 Mrithi wa Nne

Nimerudi, wakuu. Siku tisa.

Nilikwenda na barua ya kuomba nakala, nikakaa kwenye benchi mpaka wakanigongea muhuri. Afisa tofauti, kijana, akalitoa faili. Kurasa tatu na picha mbili. Wameandika mlango, ngazi, boriti za chini, na sura ya barabarani yote. Halafu chini kabisa kuna mstari: chumba cha nyuma cha matofali ya saruji kimeongezwa baadaye na hakina umuhimu.

Shangazi kasema hicho chumba alikijenga marehemu mumewe, na yeye ndiye aliyekuwa akibeba maji. Amenuna kidogo kwa hilo neno "umuhimu". Lakini kakubali choo kiende pale.

Yule kijana kasema paa tutengeneze hata kesho, vigae vya aina ile ile, tumpelekee picha za kabla na baada. Choo tulete mchoro, anaona hakitakuwa na tatizo. Kaka mkubwa ameacha kuongea habari za kuuza, angalau mpaka tuone mchoro.

Mpango ni kukivunja hicho chumba na kukijenga upya vizuri, na bomba lipite nje.

#16 Bwana Tingatinga

Hongera, mkuu. Siku ya kukivunja niite, nalileta langu bure. Dakika kumi tu.

#17 Mwashi Mstaafu

Asiitwe. Hicho chumba kimeegemea ukuta wa bibi, na aliyekijenga lazima aliunganisha matofali yake ndani ya mawe ya zamani, wote walifanya hivyo. Mashine ikivuta, inavuta na ukuta. Kitolewe kwa patasi na nyundo ndogo, tofali moja moja, kuanzia juu, huku ukuta wa zamani umeegemezwa kwa mbao. Niandikie faragha upande jua linapochomozea na aina ya jiwe. Chokaa iloweshwe tangu sasa.